Upande Linakopita Jua

Ofisini walimwita Gundi, na jina lilimganda kwa sababu gundi yenyewe ilimganda: kwenye kucha, kwenye nyusi, kwenye mikono ya mashati ambayo mkewe alishachoka kuyasugua. Miaka ishirini na tisa alikuwa akikata kadibodi na plastiki ngumu kwa kisu chembamba, akiunganisha modeli za majengo, vighorofa vya kimo cha mtoto anayejifunza kutembea, ili wenye fedha zao waviinamie na kusema ndiyo au hapana kabla ya kwenda kula. Wakisema ndiyo, alianza nyingine. Wakisema hapana, alianza nyingine vilevile. Hakuwa mtu wa kulilia kadibodi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma, kati ya stoo ya karatasi na choo cha wanaume. Mbele kulikuwa na ukumbi wa wasanifu na wachoraji, watu kama ishirini hivi, mapazia yameshushwa kutwa kwa sababu mwanga ulisumbua skrini, viyoyozi vikinguruma mpaka wengine wakawa wanakuja na masweta. Kwa Gundi hakukuwa na kiyoyozi. Aliambiwa baridi huharibu gundi. Alijua huo ni ubahili uliovalishwa suti, lakini alinyamaza, akatundika magunia dirishani kupunguza jua, akaendelea kukata.

Mwenye ofisi walimwita Mkubwa usoni na Viwango kisogoni, maana hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja viwango vyake. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku moja: ndugu wawili hawafanyi kazi chini ya paa lake. Zamani aliwahi kuwa na mhasibu aliyeijaza ofisi wapwa na mabinamu, mpaka mkutano wa wafanyakazi ukawa kama kikao cha ukoo, kila anayekosea anatetewa na shangazi. Viwango aliwafukuza wote siku moja, wenye makosa na wasio na makosa, na tangu hapo kila anayeajiriwa alitia sahihi karatasi kwamba hana ndugu humo ndani.

Binti wa Gundi naye alitia sahihi karatasi hiyo, miaka minne iliyopita, bila kusita.

Alikuwa ametoka kusoma usanifu katika nchi ya mbali, nchi ya baridi, miaka sita. Kiwanja ambacho wazazi wake wangejenga kiliuzwa ili aende. Vyeti vyake vilibeba jina la babu yake mzaa mama, aliyemwandikisha shule akiwa mdogo, kwa hiyo karatasi hazikumsaliti. Walilikata shauri hilo watatu, mezani nyumbani. Ofisi ile ndiyo iliyokuwa ikipata miradi mikubwa ya mji mzima, na baba asingeweza kuacha kazi wakati binti bado hajakaa sawa. Basi wangejifanya hawajuani. Asubuhi wangetoka pamoja mpaka kwenye duka la dawa la kona, hapo mmoja angetangulia, mwingine angesoma bei za miswaki dakika kumi.

"Nipe mradi mmoja tu, baba," binti alisema. "Mradi mmoja mkubwa ukipita nikawa naibu wa Mkubwa, nitasimama katikati ya ukumbi niseme, huyu ni baba yangu. Atakayeona vibaya akanywe maji."

Gundi aliishi kwa ahadi hiyo. Aliiona ile siku mpaka shati atakalovaa.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa kama mchezo. Binti akipita karakana humkonyeza. Wenzake wote vijana walimwamkia mzee kwa heshima, yeye akimwita Gundi kavukavu, kisha akifika nyumbani anapiga goti la utani na kumwomba radhi mheshimiwa. Wakacheka. Mwaka wa pili kukonyeza kukaisha. Mwaka wa tatu akawa Madam, mwenye meza karibu na ofisi ya Mkubwa, na ukali wake ukawa haubanduki tena kama vazi la kuigiza. Alimtuma baba yake chakula cha mchana na kumrudisha kwa sababu kimepoa. Mara moja alilichukua paa la modeli lililomchukua mzee siku mbili, akalipima, akakuta limezidi milimita moja, akalitumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya wachoraji. Wageni walipoulizia yule mzee wa nyuma ni nani, alijibu, "Huyo ni kama makabati, tulimkuta hapa."

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alikaa kwenye kigoda mbele ya baba yake, na pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha, akimtoa gundi kidole kimoja baada ya kingine, polepole, kama anayemenya kitu chororo. "Wiki hii nilikuzidishia, baba. Mkubwa alikuwa amesimama pale." Gundi hujibu, "Hakuna neno, mwanangu."

Kulikuwa na neno. Kila mara kulikuwa na neno, naye alikuwa akiyaweka yote, hakupoteza hata moja.

Ndipo ukaja mradi wenyewe. Mwekezaji mmoja, mwanamke mwenye sauti ya chini aliyekuwa na kiwanja kikubwa katikati ya mji, alitaka jengo la ofisi la kijani: ghorofa kumi na nne, lisilo na kiyoyozi hata kimoja, linalojipoza kwa kivuli na upepo, lenye mabaraza ya mimea kila ghorofa. Lingekuwa la kwanza la aina yake mjini. Viwango, ambaye maisha yake yote alijenga masanduku ya vioo na kuyatia mashine za baridi, hakujua pa kuanzia, akampa Madam. Akamwambia wazi mbele ya wote kwamba mwekezaji akitia sahihi, naibu amepatikana.

Binti alichora miezi mitano. Alikonda. Michoro ilikuwa mizuri, hilo hata mwenye chuki asingelikana. Upande wa kusini aliupanga mabaraza kumi na manne yenye mimea ya kutambaa, kukinga jua kali. Upande wa kaskazini aliuacha kioo kitupu kuanzia chini hadi juu, ili wafanyakazi wapate, kama alivyoandika kwenye maelezo, mwanga mtulivu wa kaskazini. Watu ishirini waliipitia michoro ile. Viwango aliipitia mara tatu na kuongeza neno viwango mahali saba.

Gundi alijenga kama hakuwahi kujenga. Alipaka sponji rangi ya kijani, akaisaga, akapanda mimea kwenye mabaraza kwa kibano. Alikata watu wadogo mia nne, wa kimo cha punje ya mchele, akawapandisha ghorofani mmoja mmoja, wengine wakiwa wamesimama madirishani. Hii ndiyo ilikuwa modeli ya kumpa binti yake unaibu, na ya kumpa yeye ubaba. Alikuwa akizungumza nayo.

Jumamosi ofisi ilikuwa tupu. Modeli ilikuwa imekamilika, imebaki gundi kukauka. Gundi alitoa magunia dirishani, akaisogeza modeli kwenye jua, na kwa mazoea yake ya miaka yote akaigeuza mpaka mshale wa kaskazini uliochorwa kwenye ubao ukaelekea kaskazini kwelikweli, kwa sababu alipenda kuona jengo likipigwa na mwanga utakaolipiga. Kisha akakaa kula mkate wake.

Ilipofika saa sita alikuwa bado anatazama, na mkate umebaki mkononi.

Jua lilikuwa limejaa upande wa kioo. Watu wake wadogo waliosimama madirishani walikuwa wanawaka. Upande wa pili, mabaraza yote kumi na manne na mimea yake yalikuwa kwenye kivuli kizito, na kivuli hakikuondoka saa saba, wala saa nane, wala saa tisa. Alichungulia dirishani akalitafuta jua lenyewe, ingawa hakuhitaji. Dirisha lake lilitazama kaskazini na magunia aliyatundika kwa sababu hiyo. Katika mji ule jua huegemea kaskazini miezi mingi ya mwaka, kila mama anayeanika nguo anajua. Ni katika ile nchi ya baridi aliyosomea binti yake ndiko jua hukaa kusini, na vitabu vya huko husema hivyo, naye alivibeba vitabu akavileta jinsi vilivyo. Na wale ishirini wa ukumbini hawakuona, kwa sababu walikuwa wamefunga mapazia na kuwasha viyoyozi muda mrefu mpaka wakasahau jua linapita wapi.

Jengo la kijani lingewaoka watu na kuiua mimea. Gundi alicheka peke yake, kicheko kifupi ambacho hakukipenda alipokisikia.

Jumapili alishinda nyumbani. Jumatatu alisubiri saa nne, wakati wa chai, watu wote wakiwa wamesimama ukumbini na vikombe, Viwango akiwa katikati yao akisimulia safari. Hapo ndipo alipotoka nyuma, aproni yake kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya binti yake.

"Madam," alisema, kwa sauti ya kufika mbali. "Hilo jua kwenye michoro yako umeliweka upande siyo."

Binti aliinua uso. Alimtazama baba yake, akamtazama Viwango, ambaye tayari alikuwa ameinua nyusi akisubiri kuona naibu wake mtarajiwa anavyoshughulikia wafanyakazi.

"Gundi," alisema, "nimesoma miaka sita. Wewe umesoma nini?"

Mtu mmoja alicheka kwa pua.

"Mimi nimelisoma dirisha langu, Madam."

"Basi rudi dirishani kwako. Ukitaka kunifundisha kazi, anza na kunawa mikono." Ukumbi ukaangua kicheko, Viwango akiongoza. Binti alirudi kwenye skrini yake, masikio yamemwiva. Gundi alivuka ukumbi mzima kurudi nyuma, na hakuharakisha, akawaacha wamcheke mpaka mlangoni.

Siku zilizofuata alifanya kazi iliyomridhisha moyo kuliko zote. Kwa wembe na dawa ya kulainisha aliyabandua mabaraza ya kusini, yote kumi na manne, bila kuvunja hata tawi la sponji, akayapachika kaskazini. Kioo akakihamishia kusini. Alijiambia kwamba kazi haitoki mikononi mwake ikiwa mbovu. Jumatano jioni aliifunika modeli kitambaa cheupe, kwa sababu Viwango alikuwa na imani yake kwamba modeli ikikamilika haitazamwi na mtu mpaka mteja aitazame kwanza. Hakuna aliyekifunua. Gundi alijua hakuna atakayekifunua.

Alhamisi mwekezaji alikuja na mhandisi wake, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya kutembelea na kubeba daftari la shule. Walikaa chumba cha mikutano. Binti alivaa nguo mpya. Alieleza michoro ukutani kwa nusu saa, na alikuwa mzuri, hakubabaika, alijibu kila swali. Mwekezaji alianza kutikisa kichwa kwa kukubali. Gundi alisimama pembeni akisubiri ishara ya kufunua, na kwa kitambo, akimsikiliza mwanawe akizungumza vile, aliona fahari. Angeweza kusema kitambaa kimenasa. Angeweza kuiangusha modeli. Wazo hilo lilimjia waziwazi, na likampita.

Viwango akamwashiria. Alifunua.

Walisogea. Mwekezaji alitabasamu akainama kuwaangalia wale watu wa punje ya mchele. Mhandisi alitazama modeli, akatazama ukutani, akatazama modeli tena.

"Michoro inaonyesha mabaraza upande wa kusini," alisema. "Hapa yako kaskazini. Kipi ndicho?"

Binti aliisogelea meza. Hakuelewa kilichotokea, alielewa tu kwamba kuna kosa, na kwamba si lake.

"Michoro ndiyo sahihi," alisema haraka. "Hilo ni kosa la fundi."

"Kosa la namna gani hilo?" Viwango alimgeukia Gundi. "Mzee, umelewa?"

"Tatizo si pombe, Mkubwa," binti akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, sauti ya mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi. "Tulishazungumza suala la kumpumzisha. Macho yamekwisha, na kichwa nacho kinafuata. Tumemvumilia kwa huruma tu."

"Huruma imeisha leo," Viwango alisema, na alisema hivyo huku akimtazama mwekezaji, ili aone viwango vinavyolindwa. "Mzee, vua aproni. Kachukue vitu vyako, usirudi."

Miaka ishirini na tisa iliisha hivyo. Gundi alifungua fundo la aproni, likamsumbua kidogo. Alikuwa amefika mlangoni mhandisi aliposema, bila kupaza sauti, "Hebu msubiri kwanza. Modeli ndiyo sahihi."

Alitoa simu yake, akawasha tochi, akaishika juu ya modeli kwa upande wa mshale. Mwanga uliangukia mabaraza, na vivuli vya mimea vikashuka vizuri kwenye madirisha, ghorofa hadi ghorofa. Akazunguka na kuelekeza tochi vilevile kwenye michoro ya ukutani, upande wa kioo. Hakuhitaji kueleza, lakini alieleza.

"Mkijenga kama mlivyochora, watu wataiva kama mikate. Mmejenga mji huu miaka mingapi?"

Mwekezaji alinyooka, lile tabasamu limekwisha. "Sasa nani alijua?" aliuliza. "Maana aliyejenga hii alijua. Nataka kuelewa ofisi hii inafanyaje kazi."

Viwango alikuwa mwepesi wa kunusa njia ya kutokea. Alimgeukia Gundi, na sura yake ikawa laini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka yote ile.

"Mzee wetu," alisema. "Nani alikuagiza ubadilishe? Sema tu, usiogope."

Jibu lilikuwa limeandaliwa, kilichobaki ni kulitamka. Angesema, Madam aliniagiza, aligundua dakika za mwisho, nami nikasahau kumkumbusha. Mwekezaji angelipokea, kwa sababu alikuwa ameshalipenda jengo. Viwango angelipokea kwa mikono miwili. Binti angekuwa naibu kabla ya chakula cha mchana.

Binti alikuwa anamtazama. Hakuwa Madam tena. Alikuwa anamtazama baba yake, kama alivyomtazama akiwa na miaka saba kwenye foleni ya sindano, na midomo yake ilikuwa imeanza kulitengeneza lile neno ambalo hakulitamka humo ndani hata mara moja. Gundi aliona yote hayo. Akachelewesha kujibu. Na tusimpambe mtu: alichelewesha kwa sababu ilikuwa tamu. Chumba kizima cha waliosoma kilikuwa kimesimama kinangoja mdomo wake.

"Hakuna aliyeniagiza," alisema. "Niligundua mwenyewe. Nikamwambia Jumatatu, mbele ya Mkubwa na watu wote. Akaniambia nikanawe mikono. Mkubwa alicheka sana, sijui kama anakumbuka."

Mhandisi alifunga daftari.

Hapo angeweza kuishia. Binti alikuwa amekwisha tayari, unga ulishamwagika. Lakini Gundi alikuwa na kitu alichokitunza miaka minne, na aliona siku yake imefika.

"Na msimlaumu Mkubwa," akaongeza, "hajui anaishi na akina nani. Huyu ni binti yangu. Nimemzaa mimi. Alitia sahihi kwamba hana ndugu humu ndani, na nimekuwa nikimpikia chai kila siku."

Binti alishika ukingo wa meza, na meza ikatikisika, na watu wawili watatu wa ghorofa ya juu wakaanguka.

"Tulikuja kuona jengo," mwekezaji alisema mwishowe, akichukua mkoba wake. "Haya mengine mtayamaliza wenyewe." Aliondoka na mhandisi wake, na kiwanja chake kikabaki nyasi. Viwango alimfukuza binti papo hapo, kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha, ingawa baba alishafukuzwa tayari, akamfukuza naye mara ya pili.

Walirudi nyumbani kila mtu njia yake. Gundi alipofika, mkewe alikuwa amekaa jikoni mikono imelala mapajani, na chumbani kulisikika kabati likifunguliwa na kufungwa. Binti alikuwa ameshasimulia. Kwenye jiko hakukuwa na kitu.

"Niambie wewe sasa," mkewe alisema.

Gundi alisimulia. Alisimulia vizuri, akiwa amesimama, akaweka paa lililotupwa kwenye pipa, akaweka makabati, akaweka kicheko cha ukumbini na macho yamekwisha na kichwa kinafuata. Hakuongeza chumvi, hakukuwa na haja. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Huyu mwanamke ndiye aliyetia kidole gumba kwenye hati ya kuuza kiwanja.

"Amekukosea," alisema. "Amekukosea vibaya, na ningekuwepo ningemzaba kibao, na ukubwa wake huo. Sasa niambie. Uligundua lini habari ya jua?"

"Jumamosi."

"Jumamosi. Jumapili mlikuwa hapa kutwa nzima. Alikaa pale, vidole vyako vikiwa mkononi mwake, saa nzima. Mlizungumza nini?"

Gundi alitazama kucha zake.

"Mlizungumza bei ya mabati. Nilikuwa napasi nguo hapo mlangoni. Na Jumatatu jioni, baada ya kukutukana huko, alikuja akakupigia magoti, si ya utani. Nilikuwa naosha vyombo, mgongo umewageukia, mkadhani sisikii. Alikuuliza. Alisema, baba, ulikuwa unaniambia nini kuhusu jua? Nieleze, bado siku tatu, naweza kurekebisha." Mkewe alisimama. "Ukamjibu nini?"

Kabati chumbani lilikuwa limenyamaza.

"Nilimwambia si kitu," Gundi alisema.

"Ulimwambia si kitu. Ulimwambia, mambo ya ofisini tuyaache ofisini. Akakubusu kichwani akaenda kulala."

"Watu mia nne wangeungua mle ndani," alisema. Sauti haikutoka ilivyotakiwa. "Kila siku. Mtu hawezi kunyamazia kitu kama hicho."

"Watu gani?" mkewe aliuliza.

Jengo halikuwepo na watu hawakuwepo. Alikuwepo binti mmoja. Gundi alikaa kwenye kigoda, na kwa kuwa mwanamke yule alikuwa ameishi naye miaka thelathini na moja na alikuwa hadanganyiki, akasema ukweli.

"Nilitaka aonje. Mbele za watu, kama nilivyoonja mimi. Mara moja tu."

"Ameonja," mkewe alisema.

Akaingia chumbani kumsaidia mwanawe. Gundi aliwasikia wakizungumza kwa sauti za chini, shuka likikung'utwa, zipu ya begi ikigoma na kusukumwa. Haikuchukua muda mrefu, binti hakuwa na vitu vingi. Kisha akamsikia mkewe akivuka kwenda chumba chao wenyewe, akishusha sanduku la juu ya kabati, akianza kukunja nguo zake.